Rula

Mlango wa nyuma wa supamaketi, Ntinda,
saa kumi na moja alfajiri.
Lori la Wambedde limeteremka usiku kucha kutoka Kapchorwa,
likapita Mbale, likavuka daraja la Jinja,
na matope ya Tegeres yangali kwenye magurudumu,
mabichi, hayajajua kwamba yamefika mjini.

Mimi ndiye mpokea mizigo.
Nina mzani, nina kalamu, nina rula
ya plastiki, ya mtoto wa shule,
mgongoni ina jedwali la kuzidisha.
Karoti isipungue sentimita kumi na tano.
Isiwe na kovu la jembe.
Isiwe na miguu miwili.
Isiwe na udongo, ingawa ilizaliwa humo.

Safari hii Chelangat amekuja mwenyewe,
amekaa juu ya magunia yake njia nzima
ili aone kwa macho yake
yanapopungulia.

"Hii ina miguu," namwambia.
"Na wewe unayo. Nani alikurudisha?"
Wambedde anacheka.
Mimi sicheki, juu yangu kuna kamera.

Anaweka kidole kwenye fomu: malipo, siku tisini.
Mbolea alikopa kwa siku thelathini.
Mwanawe hatafukuzwa shule baada ya siku tisini,
atafukuzwa Jumatatu.

Mwezi jana walikuja watu wa wizara.
Walikata utepe kati ya mchele na sabuni,
wakatuachia kitabu cha sera ya chakula,
karatasi inang'aa hadi unajiona uso.
Nimekisoma, zamu ya usiku ni ndefu.
Neno *mkulima* limo mara sitini na mbili.
Neno *lini* halimo.

Ndani, chini ya taa baridi, karoti zimelala zimeoshwa,
kila pakiti na kibendera: Bidhaa ya Nyumbani,
na picha ya mama anayetabasamu.
Chelangat aliniuliza ni nani yule.
Hakuna anayemjua.
Kilo, elfu nne na mia nane.
Kwenye fomu yangu, mia tisa,
kisha ukate ada ya rafu
(rafu ni rafu, hata mpirani),
ukate mchango wa ofa ya sikukuu asiyoijua,
ukate ada ya kutupa zilizokataliwa,
ambazo hazitupwi:
zinaliwa na nguruwe wa bosi, kule Gayaza,
na nguruwe hawana rula.

Shuleni tuliimbishwa:
mchumia juani hulia kivulini.
Mwalimu akasema *hulia* hapo ni kula,
tukaandika, tukapewa vema.
Saa nne jua limepanda.
Chelangat ameketi kwenye kivuli cha lori,
amejifunika uso kwa pindo la leso,
mabega yake yanatikisika kidogo kidogo
kama gari lililowashwa lisiloondoka.
Mwalimu, lile neno lina maana mbili.
Ungetuambia mapema.

Sina ujasiri mkubwa.
Nina kodi ya nyumba, nina mama Kaboywo
anayelima karoti hizihizi
na anayedhani mimi ni mtu wa ofisini.
Nilichofanya ni hiki:
niliiweka ncha ya rula kwenye bawaba ya mlango
nikausukuma mlango kwa goti.
Ta.

Bi Nantongo msimamizi akauliza.
Nikasema imeanguka.

Sasa rula yangu inaanzia kwenye moja.
Karoti ya kumi na nne inasoma kumi na tano.
Ni sentimita moja, si sera,
na zenye miguu miwili bado narudisha.
Magunia matatu yamepita ambayo yasingepita.
Wambedde amewasha lori. Chelangat amepanda mbele,
fomu ameikunja mara nne, ameitia kifuani.

Nimeigeuza rula.
Safu ya moja imekwenda na ncha.
Tisa mara kumi bado ipo.